Dini, Magari na Mchoro Uliosahauliwa: Kuhusu Malumbano ya Mifumo ya Kompyuta

Tarehe 30 Septemba 1994, jarida la L'Espresso la Italia lilichapa makala mafupi ya Umberto Eco ambayo hadi leo hutajwa kila malumbano kuhusu mifumo ya kompyuta yanapozuka upya. Mtaalamu huyo wa semiotiki alidai kwamba ulimwengu umegawanyika kati ya watumiaji wa Macintosh na watumiaji wa MS-DOS, na kwamba mgawanyiko huo ni wa kidini. Macintosh ni Mkatoliki: ina vipicha vya kupendeza, humshika mwumini mkono na kumwongoza hatua kwa hatua mpaka afike mbinguni, yaani mpaka waraka wake utoke katika mashine ya kuchapa. MS-DOS ni Mprotestanti wa njia ya Calvin: humwachia kila mtu ayafasiri maandiko mwenyewe, humdai maamuzi magumu, wala haimwahidi kwamba ataokoka. Windows nayo, iliyotandaza madirisha na vipicha juu ya DOS, ilifananishwa na Kanisa la Anglikana: ibada za fahari, lakini mlango wa kurudia ukali wa awali umeachwa wazi.

Ni makala mazuri. Eco hakujishughulisha kuthibitisha ni mashine ipi iliyo bora. Alionyesha jinsi mazoea ya vidole yanavyogeuka kuwa itikadi, na jinsi itikadi inavyomfanya mtu amhurumie jirani yake kwa sababu tu anabonyeza kitufe kingine. Msomaji aliyewahi kufuata majibizano ya washairi gazetini ataitambua hali hiyo mara moja: kila mmoja hujibu ili asishindwe, na suala lililowakutanisha husahauliwa kufikia ubeti wa tatu. Hata hivyo sitiari yoyote, hasa iliyofaulu, hapana budi ipimwe kwa kile ilichokiacha nje. Mwumini wa Eco anatafuta wokovu kwa njia ya waraka. Katika makanisa yake yote hakuna anayechora.

Hilo ni pengo la kushangaza, kwa kuwa kuchora ndiko kulikoipa Macintosh sifa yake ya kwanza. Ilipotolewa Januari 1984 iliambatana na MacPaint, programu iliyotungwa na Bill Atkinson. Ukurasa wake ulikuwa na nukta 576 kwa 720, kila moja ama nyeusi ama nyeupe, bila rangi ya kati. Katika mwaka uleule ikaja MacDraw, ambayo haikuhifadhi nukta bali maumbo: mstari kutoka hapa hadi pale, duara la upana huu. Kwa mtazamaji michoro hiyo miwili yaweza kufanana kabisa. Lakini ikikuzwa, ule wa nukta huota meno kama msumeno, na ule wa maumbo hubaki laini. Tofauti ya nukta na maumbo ndiyo inayoamua mchoro utafaa kwa kazi gani, nayo haijali mashine ni ya nani. Katika malumbano haisikiki sana. Haina kabila la kuitetea.

Kulikuwa na kipindi kifupi ambacho madai ya makabila yalikuwa na msingi. CorelDRAW ilizaliwa mwaka 1989 kwa ajili ya Windows. Photoshop ilizaliwa mwaka 1990 kwa ajili ya Macintosh peke yake. Mchoraji wa siku zile alilazimika kuchagua kanisa kabla ya kuchagua brashi. Ila mambo hayakukaa hivyo. Illustrator ya Adobe, iliyoanzia kwenye Macintosh mwaka 1987, ilikwisha kutolewa kwa Windows mwaka 1989, na Photoshop ikaifuata kwa toleo lake la 2.5 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Basi Eco alipokuwa akiandika, Wakatoliki na Waprotestanti wake walikuwa tayari wanachora kwa brashi moja iliyotoka duka moja. Malumbano yaliendelea kwa miaka mingi baadaye kana kwamba jambo hilo halikutokea.

Maandishi ya pili yanayostahili kusomwa kwa makini ni insha ndefu ya Neal Stephenson, mtunzi wa riwaya wa Marekani, ya mwaka 1999. Jina lake laweza kufasiriwa Hapo Mwanzo Palikuwa na Mstari wa Amri, na mwangwi wa Biblia unasikika, ingawa ndani Stephenson anaacha kanisa na kwenda barabarani. Wauzaji wa mifumo, anasema, ni kama wauzaji wa magari waliojipanga katika njia panda moja. Macintosh ni gari maridadi la Kizungu ambalo injini yake imefungwa, mnunuzi asiione. Windows ni gari kubwa la familia, zito, lisilopendeza, nalo ndilo linunuliwalo na karibu kila mtu. BeOS ni gari la ajabu kama la filamu za Batman. Linux ni vifaru vya kivita vilivyoundwa na watu wa kujitolea na kupangwa kando ya barabara, funguo zikiwa ndani, bure. Na wapita njia wanavipita kwenda kulipia gari la familia.

Msomaji wa Kiswahili hukutana na sitiari hii kabla Stephenson hajafungua kinywa. Lugha yenyewe husema mfumo endeshi, na kuendesha ni kitenzi cha gari, cha mashua, cha ng'ombe wa kulima, hata cha mkutano. Neno la Kifaransa, ambalo wengi Kongo hulitumia kazini, halina usukani ndani yake. Neno la Kiswahili linao. Hapo mfasiri anapaswa kuwa na hadhari, kwa maana istilahi hiyo humpa Stephenson ushindi asioupigania: huufanya mfumo uonekane kuwa safari nzima, ilhali kwa mchoraji mfumo ni barabara tu, na mzigo uko nyuma ya gari.

Kwa haki ya Stephenson, mzigo huo aliuona. Umefichwa katika sehemu ya insha ambayo wanaoinukuu huiruka ili wayafikie magari. Anasimulia jinsi kompyuta yake ya Macintosh ya kubeba ilivyomharibia waraka mkubwa katikati ya miaka ya 1990, kwa namna ambayo hata programu za uokoaji hazikuweza kuurudisha. Na jinsi Word ya Microsoft ilivyofika mahali pa kutoyatambua tena maandishi yake mwenyewe ya zamani. Hizo ndizo sababu anazotoa za kuhamia Unix. Hazina raha ya vifaru, lakini ndizo zenye uzito. Mtu aliikuta kazi ya mikono yake imekuwa takataka machoni pa chombo kilekile kilichoihifadhi. Uaminifu wa makabila nao haukumshika: Mac OS X ilipotoka mwaka 2001 ikiwa imejengwa juu ya msingi wa jamii ya Unix, Stephenson alihamia huko, na mipaka ya njia panda yake ikafutika.

Kasoro ya insha ni kwamba inaishia kwenye maneno. Mwandishi anayo bahati asiyokuwa nayo mchoraji. Waraka wa zamani ukifunguliwa kwa nguvu katika programu sahili ya maandishi, katikati ya vijialama visivyosomeka herufi huchomoza, kwa sababu karibu kompyuta zote za wakati huo zilikubaliana namba za herufi za Kilatini. Sentensi hupatikana, hata kama aya na herufi za mlazo zimepotea. Mchoro hauna kimbilio la namna hiyo. Faili la mchoro usiojulikana muundo wake likifunguliwa hivyo, halitoi robo ya uso wala nusu ya mti. Halitoi chochote.

Ushahidi wa hayo ni Andy Warhol. Mwezi Julai 1985, katika uzinduzi wa kompyuta ya Amiga jijini New York, kampuni ya Commodore ilimweka jukwaani mbele ya mashine hiyo, naye akaichora sura ya mwimbaji Debbie Harry hadharani. Aliendelea kuitumia Amiga, akafariki mwaka 1987. Commodore nayo ilifilisika mwaka 1994. Diski zake zilibaki katika jumba la makumbusho linaloitwa kwa jina lake, Pittsburgh. Mpaka mwaka 2014 ndipo ilipotangazwa kwamba klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon imeyatoa yaliyomo: kopo la supu, Venus wa Botticelli aliyeongezwa jicho la tatu, sura ya Warhol mwenyewe. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu michoro ilihifadhiwa kwa muundo ambao programu za kawaida za Amiga hazikuutambua. Waokoaji walilazimika kuufumbua kama maandishi ya lugha iliyokufa. Mmoja wa wachoraji mashuhuri wa karne ya 20, jumba kamili la makumbusho, chuo kikuu jirani. Mchoraji asiyekuwa na hata kimoja kati ya hivyo, diski yake ingetupwa.

Tena mashine kufa si sharti. FreeHand ilifanya kazi kwenye Macintosh na kwenye Windows pia. Adobe ilipoinunua kampuni ya Macromedia mwaka 2005, ilijikuta na programu mbili za maumbo zinazoshindana, na mwaka 2007 ikatangaza kuwa FreeHand haitaendelezwa. Mifumo yote miwili ilikuwa hai na yenye afya. Michoro ndiyo iliyobaki yatima, na mwaka 2011 baadhi ya watumiaji waliipeleka Adobe mahakamani Marekani. Mwaka 2013 kampuni hiyohiyo ilitangaza kwamba matoleo yake mapya yatakodishwa, hayatauzwa moja kwa moja. Wala pasitafutwe mifano ya mbali: mwanafunzi aliyewahi kupeleka jalada la tasnifu kwa mchapaji, likiwa katika CorelDRAW mpya kuliko ya mchapaji, anajua kwamba faili linaweza kukataa kufunguka hata pale mfumo ni uleule na programu ni ileile.

Watetezi wa programu huria hupenda kuliingia suala hili kwa kuhesabu vitufe: GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley katikati ya miaka ya 1990, ina hiki, Photoshop ina kile. Ni hesabu ya kuchosha, na mara nyingi huishia kwa Photoshop kushinda. Hoja yao yenye nguvu iko mahali pengine. Mwaka 2001 shirika la W3C liliidhinisha SVG, muundo wa michoro ya maumbo ambao kanuni zake ziko wazi kwa wote na ambao umeandikwa kwa herufi za kawaida. Inkscape, iliyoanza mwaka 2003, iliufanya kuwa muundo wake mkuu. Faili la SVG likifunguliwa katika programu sahili ya maandishi husomeka: hapa pana mstatili, upana wake ni huu, rangi yake ni hii. Mchoro umepewa kimbilio lile ambalo maneno yalikuwa nalo tangu zamani, kwa kuufanya mchoro wenyewe uwe maneno.

Kimbilio hilo lina nyufa. Toleo la 0.92 la Inkscape, la mwaka 2017, lilibadili kipimo cha msingi kutoka nukta 90 kwa inchi hadi 96, ili kufuata kanuni za kurasa za mtandao. Mchoro wa zamani uliopimwa kwa nukta 900, ambao ulikuwa na upana wa inchi 10, ukihesabiwa upya bila marekebisho unatoka na inchi 9 na robo tatu ya nusu. Kwa picha ya ua si kitu. Kwa ramani yenye skeli, au kwa kipande cha mashine kinachokatwa kwa vipimo, ni hasara. Lakini mwenye mchoro angeweza kulifungua faili, kuitafuta namba ya upana katika mistari ya mwanzo, na kuiandika upya kwa mkono, akiwa kwenye Windows, Linux au Macintosh.