Folda Nne za Mratibu wa Harusi

Mdogo wangu anaratibu harusi jijini Dar es Salaam. Msimu ukipamba moto huwa na harusi tano au sita mkononi kwa wakati mmoja, kila moja na kamati yake, ukumbi wake, mpishi wake, na wachangiaji ambao hawajamaliza ahadi zao. Yote hayo yamo kwenye simu, ndani ya programu ya orodha za kazi iitwayo TickTick, katika folda nne tu. Nimekaa naye jioni nyingi nikimtazama anavyozipanga, na kila mara nimeondoka na heshima zaidi.

Katika programu hiyo, unaishika orodha moja kwa kidole, unaiburuta na kuiweka juu ya nyingine, folda imezaliwa. Lakini kazi yenyewe haikai kwenye folda. Kazi hukaa kwenye orodha, na orodha ndiyo hukaa kwenye folda. Wengi hulipita jambo hilo bila kulitazama. Yeye amejenga juu yake. Kila harusi ameipa orodha, na orodha zote za harusi ziko katika folda ya “Zinazoendelea”. Akiigusa folda, kazi za harusi zote humjia pamoja, naye huona kwamba mpambaji yuleyule anatakiwa kupigiwa simu kwa harusi tatu. Basi humpigia mara moja, wakayamaliza.

Ufundi mwingine uko kwenye majina. Hawezi kuandika “Keki” akaishia hapo. Ataandika: “Mpigie fundi wa keki, uliza kama amepata nusu ya malipo.” Akisoma maneno hayo wiki mbili baadaye, amechoka, yuko ndani ya daladala, hana haja ya kufikiri upya alimaanisha nini. Na kikao cha kamati kikiendelea hapangi chochote. Kila linalosemwa hulitupa kwenye kikasha cha programu, mahali pa kazi ambazo bado hazijapangwa, akabaki anasikiliza watu. Kupanga kuna saa yake, Jumapili usiku, nyumba ikiwa imetulia.

Folda mbili, ya nyumbani na ya mambo ya baadaye, ni za kawaida. Ninayoipenda ni ile ya “Nasubiri”. Humo kuna yale ambayo yeye amekwisha kutimiza upande wake na sasa mpira uko kwa mwingine: risiti ya ukumbi, orodha ya wageni kutoka kwa mama wa bibi harusi. Kila moja ina tarehe ya kuulizia. Waliofanya kazi masjala wataitambua mara moja. Afisa alipoandika B.U. (bring up, yaani lirudishwe) na tarehe kwenye jalada, karani aliiingiza tarehe hiyo kwenye daftari, na siku hiyo jalada lilirudi mezani bila kuulizwa. David Allen, katika kitabu chake Getting Things Done cha mwaka 2001, alieleza mpango wa majalada 43 wenye lengo hilohilo: 31 ya siku za mwezi na 12 ya miezi ya mwaka. Hata picha ya jalada kwenye skrini si ya jana, kwani kompyuta ya Xerox Star ilikuwa nayo mwaka 1981. Kinachobaki kuwa cha mtu mwenyewe ni uaminifu wa kurudi kutazama, na huo hakuna programu inayouleta.

Yeye hurudi. Jumapili hupitia orodha moja baada ya nyingine bila haraka, anafuta, anasogeza tarehe, anabadilisha neno moja likae sawa. Nilimwona mara moja akibaki na orodha ya harusi iliyokwisha fungwa, maharusi wameshaondoka, kamati imevunjwa. Ilikuwa imesalia kazi moja: “Rudisha vitambaa 40 vya meza kwa mwenyewe.” Hakuifunga orodha hiyo mpaka Jumatatu mchana, vitambaa vilipohesabiwa na kupokelewa.