Maji Kwanza, Mashine Baadaye

Kinyozi hodari wa Madibira huanza kazi kwa vidole. Mteja akishakaa na kufungwa kitambaa shingoni, mkono wa kinyozi hupita kichwani toka utosini hadi kisogoni, polepole, kabla mashine haijawashwa. Anatafuta mambo matatu: nywele zimekauka kiasi gani, zimelalia upande gani, na ngozi iliyo chini yake ina hali gani. Mteja asiyejua hudhani anapapaswa tu. Kumbe nusu ya kazi inafanyika hapo.

Madibira ni kata ya Wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, katika Bonde la Usangu. Ukishika njia ya kwenda Iringa unapanda hadi Mafinga, na huko Mufindi kuna ukungu, mashamba ya chai na msitu wa Sao Hill. Kushuka Usangu ni kuingia nchi nyingine. Mvua zake ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Zikikatika, hewa hukauka, upepo wa Juni na Julai hupita na baridi yake, na kufikia Oktoba vumbi limetanda njia nzima. Maji ya Mto Ndembera hulisha skimu ya mpunga yenye takriban hekta 3,000, na mpunga nao huleta vumbi la aina yake, lile la pumba linalorushwa na mashine za kukoboa. Mwanamume aliyeshinda juani akivuna, au aliyebeba magunia mashineni tangu asubuhi, jioni huwa na nywele zinazokatika zikiguswa tu na kitana.

Lakini jua na vumbi si vya kulaumiwa peke yake. Kila unywele huota kutoka kwenye kifuko kidogo ndani ya ngozi, na ubavuni mwa kifuko hicho kuna tezi inayotoa mafuta. Kwenye nywele za singa mafuta hayo huteremka bila shida mpaka nchani. Nywele za mawimbi huyachelewesha, na za kipilipili huyazuia zaidi, kwa kuwa kila kona ni kikwazo. Ndiyo maana shina huwa na mafuta ilhali ncha ni kavu. Tena unywele uliojikunja una ubapa kidogo, na pale unapopinda ndipo unapovunjika upesi.

Ganda la nje la unywele limepangwa magamba yanayolaliana kama vigae vya paa. Yakilala sawasawa, unyevu hubaki ndani na nywele hung'aa. Yakinyanyuka, unyevu hutoroka, nywele hukwaruzana na kushikana mafundo, na mwenyewe huanza kusema ana nywele kaidi.

Mara nyingi kinachoyanyanyua ni sabuni ya mche. Ngozi ya kichwa ina asidi kidogo. Katika kipimo cha pH iko karibu na 5.5, wakati sabuni ya mche huwa kati ya 9 na 10. Kijana anayejisugua kichwa kila jioni kwa sabuni ya kufulia ili aondoe pumba, huondoa pia mafuta yake mwenyewe, na kesho yake nywele huwa kavu kuliko jana. Kinyozi anayeijua kazi humwambia bila kumuonea haya: siku nyingi maji matupu yanatosha, shampuu iwe mara moja kwa wiki, na asuuze mpaka povu liishe kabisa.

Wahenga waliposema "mwenzako akinyolewa, zako tia maji" walikuwa wakionya juu ya mambo ya dunia, lakini onyo lao walilijenga juu ya ufundi wa kweli. Maji yakiingia ndani ya unywele hulegeza kwa muda vifungo vinavyoshikilia umbo lake. Unakuwa laini, unakubali kupinda, wembe unapita bila kuvuta. Wembe wa zamani ulilihitaji hilo, na kitana cha leo kinalihitaji vilevile. Wataalamu wa nywele wameonyesha kwamba nywele za singa hukatika zaidi zikichanwa zikiwa zimelowa, ilhali za Kiafrika zilizojikunja hukatika zaidi zikichanwa kavu. Kwa hiyo chupa ya kupulizia maji iliyo mbele ya kioo ni chombo chenye heshima sawa na mashine. Kinyozi hupuliza, husubiri kidogo, kisha hushika chanuo la meno mapana na kuanzia nchani, akirudi shinani hatua kwa hatua. Anayeanzia shinani hukokota mafundo yote kwa mkupuo mmoja, na machozi ya mteja ndiyo ushahidi wake.

Baada ya maji huja mafuta, nayo yana elimu yake. Nyanda za Juu Kusini zina alizeti kwa wingi, na siku hizi maparachichi ya Rungwe, Njombe na Mufindi. Nazi hupanda kutoka pwani. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini. Waligundua kwamba ya nazi peke yake yalipunguza kwa kiasi kikubwa upotevu wa protini ya nywele, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki, yenye umbo dogo na lililonyooka linaloweza kupenya ndani. Watafiti hao walikuwa waajiriwa wa Marico, kampuni inayouza mafuta ya nazi, na ni haki msomaji alijue hilo. Mafuta ya alizeti hayapenyi kwa namna hiyo, lakini hubaki juu na kuuzuia unyevu usitoke. Kinyozi mwerevu hutumia yote mawili kwa nafasi yake: ya nazi usiku kabla ya kuosha, ya alizeti matone machache juu ya nywele zilizo bado na majimaji. Kupaka mafuta juu ya nywele kavu zenye vumbi ni kulifunga vumbi humo humo.

Mwanamume kuzitunza nywele zake si jambo lililoletwa na runinga. Wafugaji wa Kimaasai, ambao Usangu iliwajua kwa miongo mingi, wana morani wanaofuga nywele ndefu, wakizisokota nyuzi nyembamba na kuzipaka mafuta yaliyochanganywa na udongo mwekundu. Kazi hiyo huchukua saa nyingi na hufanywa na wenzao kwa uvumilivu mkubwa. Siku ya Eunoto, morani anapovuka kwenda rika la wakubwa, mama yake humnyoa. Maarifa ya mafuta, ya mikono na ya wakati wa kunyoa yamo humo yote, na yanastahili heshima ya kila kinyozi wa leo.

Mashine ya umeme ilikuja baadaye. Leo J. Wahl wa Sterling, Illinois, nchini Marekani, aliiombea hataza mwaka 1919. Vijijini kwetu vinyozi walitumia mkasi, wembe na mashine ya kubana kwa mkono, kisha betri na sola, na umeme wa gridi ukazidi kuenea baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007. Kasi iliongezeka, na hatari nayo. Unywele uliojikunja ukikatwa karibu mno na ngozi huweza kuichoma na kurudi ndani. Kisogoni huota vipele ambavyo kwa wengine hugeuka makovu magumu. Mapunye, ambayo ni fangasi, husafiri kwa kitana na kwa meno ya mashine. Wembe uliotumika huweza kubeba homa ya ini aina ya B. Kinyozi wa kweli hupiga burashi meno ya mashine, huyafuta kwa spiriti na kuyaacha yakauke, hufungua wembe mpya mbele ya macho ya mteja, na akiona mapunye huahirisha kunyoa na kumwelekeza mtu zahanati. Kinyozi anayekataa fedha ya leo kwa ajili ya kichwa cha mteja wa kesho ni fundi aliyekomaa.

Ufundi huo hudhihirika zaidi kwa nywele za mawimbi, ambazo haziridhiki kunyolewa kama za kipilipili. Zikiwa zimelowa huonekana ndefu; zikikauka hupanda juu. Kwa hiyo kinyozi huzilainisha na kuzichana kwa maji, huziacha zikauke, ndipo anapopunguza kwa mkasi akifuata zinakolala. Pembeni hupunguza zaidi, juu huacha uzito kidogo ili mawimbi yatulie, na pale utosini nywele zinapozunguka haendi nazo kinyume. Kizazi cha kalikiti kilitafuta mawimbi kwa dawa kali, na wengi walilipa kwa ngozi iliyoungua. Mkasi na subira havina gharama hiyo.

Kazi hii inastahili kuungwa mkono kwa vitendo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana vinyozi wa Madibira wajiunge katika vikundi, waombe, na fedha ya kwanza inunue beseni la kuoshea, taulo za kutosha na mashine ya pili ili moja ikauke wakati nyingine inafanya kazi. Nawe mteja, ukiketi kitini wiki hii, usimharakishe. Mwombe aanze na maji, muulize wembe ni mpya, na umlipe vizuri kwa muda aliokupa.