Nyumba Yenye Kuita Mtu kwa Jina

Katika kurasa hizi tumezoea kuongea juu ya mila za wazee wetu. Mara hii naomba ruhusa niongee juu ya kitabu cha wageni, kwani kimenirudisha kwetu bila mimi kutegemea. Ni romani ya Shirley Jackson, mama mwandishi wa Marekani (1916-1965). Ilitoka mwaka 1959, na kwa Kifaransa inaitwa Maison hantée. Niliisoma usiku mbili kwa mshumaa, maana kura ilikuwa imekatika. Sitaficha: usiku wa pili niliamka kuangalia kama mlango umefungwa vizuri.

Hadithi ni hii. Daktari Montague, msomi wa mila za watu, anakodi nyumba kubwa iitwayo Hill House, yenye miaka 80, ili achunguze kama kweli ina mizimu. Anakaa mule na Luke, kijana wa ukoo wenye nyumba, na wanawake wawili, Theodora na Eleanor. Aliyeijenga, tajiri Hugh Crain, alipoteza mke wake wa kwanza siku ya kumleta: gari la farasi lilipinduka njiani, mama akafa kabla hajaiona nyumba. Pembe za kuta zimekaa upande kidogo, milango inajifunga yenyewe. Mama Dudley, mwenye kupika, hakubali giza limkute pale. Hata kwetu kuna nyumba kubwa za tangu wakati wa Wabelgiji ambazo watu wa kartiye wanakuambia: “Mule usilale, kuko mutu anatembeaka usiku.”

Uzuri wa kwanza wa kitabu ni kwamba mzimu hatuuoni hata mara moja. Usiku kitu kinapiga milango, kunakuwa baridi, asubuhi wanakuta maandishi ya chaki ukutani yakimwita Eleanor kwa jina arudi nyumbani. Filamu nyingi tunazoangalia zinatuonyesha shetani, kiisha anakuja mchungaji kumfukuza, tunaenda kulala. Jackson hatupi usingizi huo. Nani anapiga? Hasemi.

Lakini kilichonishika zaidi ni maisha ya Eleanor. Ana miaka 32, na miaka 11 aliimaliza akimtunza mama yake mgonjwa. Usiku wa kufa, mama alipiga ukuta akimwita, Eleanor hakwenda. Hajui kama hakusikia, ao alisikia akarudia usingizi. Tangu hapo kila mlango unaopigwa ni mama yake. Na zamani, alipokuwa wa miaka 12, baba yake hajamaliza hata mwezi kaburini, mawe yalianguka juu ya nyumba yao siku tatu. Mama alisema ni majirani. Yeye na dada yake, kila mmoja aliwaza ni mwenzake.

Hapo niliweka kitabu chini. Mawe kuanguka juu ya mabati usiku, habari hiyo tunaijua. Lakini kwetu watu wangetafuta jina, na jina lingekuwa la yule mtoto aliyebaki yatima: “Ni mutoto huyu, iko na bulozi.” Tunawajua watoto waliofukuzwa kwa neno hilo tu. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inaadhibu. Hata hivyo neno linaendelea kusemwa, mara nyingine na sisi tuliosoma.

Msomaji ataniambia: wale Wamarekani wamesoma, hawafanyi hivyo. Asome tena vizuri. Maandishi ya chaki yalipoonekana, Theodora alimwambia Eleanor labda aliyaandika yeye mwenyewe. Na mwishoni, usiku mmoja Eleanor amepanda ngazi mbovu kama mtu asiye na akili yake, wote wanakubaliana aende, kwa faida yake. Anawaambia hana kwake. Analala kwa dada yake, juu ya kitanda cha kukunja. Wanapakia mizigo yake. Anaondoa gari, analigonga juu ya mti penye kona, na katika nukta ya mwisho anajiuliza kwa nini hakuna mtu anayemzuia.

Kitabu kina kasoro. Mke wa Daktari anakuja na ubao wa kuulizia wafu, na vichekesho vyake vinapunguza woga wakati tulipokuwa tumekabwa koo. Lakini nikifikiri zaidi, naona maana: mama huyo anawauliza wafu usiku mzima, na Eleanor aliye hai hamuulizi kitu. Eleanor mwenyewe alisema juu ya kifo cha mama yake. Alipewa jibu fupi, maongezi yakapita.

Wazee wetu walijua kwamba matanga hayamalizwi na chakula na kinywaji peke yake. Watu wanakaa, mwenye kitu moyoni anakisema, na wakubwa wa jamaa wanamsikiliza. Eleanor hakupata kikao hicho. Sisi tungali nacho, lakini tumeanza kukitumia kwa kutafuta mchawi. Mwenye kusoma kitabu hiki ajiulize: siku mawe yakianguka juu ya nyumba yangu, nitamtazama nani?