Ndizi za Bibi Zimeninyima Usingizi

Walimu wangu wa shule za msingi, wekeni kalamu nyekundu kando kidogo mnisikilize! Nimeifungua kwa mara ya kwanza maktaba ya African Storybook kwenye simu, nikajiambia nichungulie hadithi moja tu kisha nilale. Usingizi uliniacha palepale.

Aliyenikamata ni Ursula Nafula, mwandishi wa Kenya, kwa Ndizi za Bibi. Bibi ana shamba lililojaa mtama, ulezi na mihogo, lakini utamu wote uko kwenye ndizi. Mjukuu wake, ambaye ndiye msimulizi, anagundua kuwa Bibi ana siri: kuna mahali anapovundika ndizi ndani ya kapu kubwa. Nani kati yetu hakukulia kwenye nyumba yenye siri ya namna hiyo? Harufu ya ndizi mbivu inaanza kutoka, mtoto ananyemelea, anachomoa moja. Halafu anarudi! Jioni anaitwa mbele ya wakubwa, na hapo ndipo nilipompenda mwandishi kabisa: hatuonyeshwi fimbo wala hatusomewi makaripio. Tunabaki na mtoto kitandani, yeye na dhamiri yake. Kurasa chache, sentensi fupi, na mtoto wa darasa la tatu ameheshimiwa kama msomaji mzima.

Kisha kuna Kuku na Jongoo ya Winny Asara, na hii, jamani, isomeni kwa sauti! Marafiki wawili wanacheza mpira, jongoo anafunga magoli matano, kuku anashindwa kuvumilia, anafungua mdomo na kummeza mwenzake. Nilikuwa namsomea mpwa wangu aliye darasa la pili. Tulipofika hapo alininyang'anya simu akaendelea mwenyewe, kidole kikifuata maneno, akirudia silabi zilizomgomea mpaka zikatii. Hakuna aliyemlazimisha. Alitaka kujua kama jongoo atatoka! Nimeona watoto wengi wakisoma kwa sababu kesho kuna jaribio. Huyu alisoma kwa sababu ya jongoo, na ningependa kila mtoto wa nchi hii aonje hamu ile.

Mradi wenyewe wa African Storybook ulizinduliwa mwaka 2014 na Saide, taasisi ya elimu yenye makao Johannesburg, na hadithi zake zipo katika lugha nyingi mno za Afrika. Zimepangwa kwa ngazi, kuanzia vitabu vya maneno machache chini ya picha hadi hadithi ndefu za mwalimu kuwasomea watoto. Yote ni bure. Na leseni yake ndiyo iliyonifanya nisimame: unaruhusiwa kuchapisha, kutafsiri, hata kubadili maneno yakufae darasani, mradi uwataje waliotunga na kuchora. Ukiwa na programu yake kwenye simu, unapakua hadithi penye mtandao, kisha mnasoma baadaye hata bando likiisha.

Kiswahili cha hadithi hizi hakilingani kila mahali, lazima niseme. Kwa kuwa mlango uko wazi kwa kila mchangiaji, utakutana na sentensi zinazochechemea, na mwalimu apitie hadithi kwanza kabla ya kuipeleka darasani. Ila papo hapo ana ruhusa ya kuirekebisha! Niambieni ni kitabu gani kingine cha darasani kinachokupa haki hiyo.

Kwa madarasa ya juu, chukueni Magozwe ya Lesley Koyi. Magozwe ni mtoto wa mitaani jijini Nairobi. Mtu mmoja, Thomas, anampa zawadi ya kitabu cha hadithi kuhusu mvulana wa kijijini anayekuja kuwa mchezaji wa mpira maarufu, na anamsomea tena na tena, hadi anamwambia sasa ni wakati wa kwenda shule ajifunze kusoma mwenyewe. Kitabu kinatangulia, shule inafuata! Ukurasa wa mwisho siusemi. Niliusoma nikaiweka simu chini, nikausoma tena.

Sasa, walimu, hamhitaji chumba cha maktaba ndipo muanze. Tafuteni printa, hata ya steshenari ya pale mtaani, mchapishe nakala chache, mkunje, mbane kwa stepla, mfunike kwa manila. Ijumaa kipindi cha mwisho wapeni watoto wasome wawili wawili, bila maswali ya ufahamu baadaye. Mimi ningeanza na ile ya Nafula kuhusu Khalai, msichana wa miaka saba anayezungumza na mimea njiani kwenda shule na kuusihi mchungwa wa nyumbani uzae. Kisha wapeni karatasi tupu kila mmoja aandike anachouambia mti wa kwao, nanyi mzifunge kurasa hizo ziwe kitabu cha darasa.