Mkwaruzo Katika Sahani ya Seli

Katika maabara ya saratani kuna mashine za bei ya nyumba, lakini kifaa ninachokistahi zaidi ni ncha ya plastiki ya pipeti, ile inayotupwa baada ya kutumika mara moja. Fundi wa seli huishika wima na kuiburuta kwa mkupuo mmoja juu ya sahani ambamo seli za saratani ya utumbo mpana zimebanana hadi hakuna mwanya. Nyuma ya ncha hubaki ufa mtupu. Kisha anangoja aone kama seli za kingo mbili zitasogea na kuuziba.

Ukipita haraka utadhani ni mchezo wa watoto. Jaribu. Mkono ukitetemeka, ufa unapinda. Ukikandamiza mno unaichubua plastiki ya sahani, ukilegeza unaacha vipande vya seli njiani. Sahani husuuzwa taratibu kwa maji ya chumvi, maana seli zilizong'oka zikiachwa zitatua katikati ya ufa na kuonekana kana kwamba zimetembea. Chini ya sahani huchorwa alama, ili picha ya kesho ipigwe pale pale ilipopigwa ya leo. Halafu kuna seramu ya ndama, lishe ya seli, ambayo hupunguzwa sana au kuondolewa. Seli iliyoshiba hugawanyika, na ufa ukizibwa na seli zilizozaliwa usiku, aliyedhani amepima mwendo atakuwa amepima uzazi.

Kwangu mimi, ufundi wote umo katika utengano huo. Saratani ya utumbo mpana huwa ya hatari zaidi inapohamia kwenye ini au mapafu, na seli hodari wa kuzaliana si lazima iwe hodari wa kusafiri. Anayechanganya mambo hayo mawili anaweza kuandika makala nzuri yenye jibu la uongo.

Kazi iliyonionyesha jambo hili vizuri ilifanyika Ujerumani, katika taasisi ya utafiti wa lishe iliyoko karibu na Potsdam, na ilichapishwa mwaka 2008. Antje Banning, Regina Brigelius-Flohé na wenzao walikishughulikia kimeng'enya kiitwacho GPx2, kimoja cha ukoo wa glutathioni peroksidesi. Hukaa hasa kwenye ngozi ya ndani ya njia ya chakula, hubeba madini ya seleniamu, na kazi yake ni kuivunja hidrojeni peroksidi (ndiyo, ile ile ya kusafishia vidonda) kabla haijaichoma seli. Walichukua seli za HT-29, ukoo ulioanza kuoteshwa mwaka 1964 kutoka kwenye uvimbe wa mwanamke mmoja, wakapunguza utengenezaji wa kimeng'enya hicho, kisha wakakwaruza.

Seli zilizopunguziwa GPx2 ziliuziba ufa upesi kuliko zile zilizobaki nacho chote. Kumbe mlinzi huyu pia alikuwa breki.

Hawakuridhika na ufa. Kutambaa kwenye plastiki tupu ni jambo moja, kupenya tishu ni jingine. Kwa swali hilo la pili kuna kikombe chenye utando wa matundu madogo sana, wazo lililoanzishwa na Stephen Boyden mwaka 1962 alipokuwa akichunguza chembe nyeupe za damu. Utando hupakwa ute wa protini ili seli ilazimike kujichimbia njia. Baadaye zile zilizobaki juu hufutwa kwa pamba ya kijiti, nazo zilizotokeza upande wa chini hutiwa rangi na kuhesabiwa. Ufutaji huo ni wa polepole na unachosha. Seli chache zilizosahauliwa pembeni zinatosha kuharibu hesabu. Hata hapo, seli zilizopunguziwa GPx2 zilipenya zaidi.

Kwa nini? GPx2 ilipopungua, kimeng'enya kingine, COX-2, kilikuwa kimepanda, nacho huchochea kuvimba na maumivu mwilini. Basi wakazipa seli dawa ya celecoxib, inayokizuia COX-2, na mbio zikapungua. Napenda hatua hii. Badala ya kutaja tu mtuhumiwa, walimfunga mikono na kutazama kama wizi unakoma.

Wengi wangefunga daftari hapo na kutangaza kwamba GPx2 ni rafiki wa mgonjwa. Wao waliziotesha seli hizo hizo ndani ya agari laini, mahali ambapo hazina pa kushika, kisha wakazipandikiza kwenye panya wasio na manyoya, ambao kinga yao dhaifu haizikatai seli za binadamu. Seli zilizoshinda mbio za kwenye sahani hazikukua vizuri: makundi machache kwenye agari, uvimbe mdogo kwa panya. Breki ile ile ya mwendo ilikuwa ikiulisha uvimbe, na mkwaruzo peke yake, hata ungenyooka vipi, usingelionyesha hilo.