Kabla ya Ngumi ya Kwanza

Anayejiandaa kwenda darasa lake la kwanza la karate hapa Kamenu, Thika, huulizia mateke. Mguu utapanda hadi wapi? Ataumia? Mkanda mweusi ataufikia lini? Ni maswali ya haki, hasa kwa mji kama huu, ambako vibanda vya video vimelea vijana wengi kwa filamu za Bruce Lee na Jackie Chan. Lakini sensei, yaani mwalimu, anayeijua kazi yake huanza kwa kutazama vidole vya mgeni. Kucha zikiwa ndefu, zikatwe kwanza, za mikono na za miguu. Pete ivuliwe. Saa, bangili, hereni na mkufu vibaki mkobani.

Naipenda karate kwa jambo hili kuliko jingine lolote. Ukiyapitia maandalizi ya mwanafunzi mpya, utaona karibu kila moja linamhusu mtu mwingine. Kucha zako hazikudhuru wewe. Zitamchana mwenzako shavuni. Pete yako itampasua mdomo. Jasho lako umelizoea, lakini atakayekushika kola hajalizoea, ndiyo maana unaambiwa uje na nguo safi. Mtu huondoka nyumbani akiamini anakwenda kujifunza kujilinda, kumbe tangu usiku wa kuamkia darasa ameshaanza kufundishwa kumlinda mtu ambaye hata jina lake halijui.

Siku ya kwanza, suruali ya michezo na fulana vinatosha. Gi, lile vazi jeupe, linaweza kusubiri mpaka uwe na hakika kwamba utaendelea. Ukibahatika kuipata kwenye rundo la mitumba, kagua mshono wa kwapa na wa msamba, maana ndipo panapochanika kwanza. Usipoipata, nenda kwa fundi cherehani. Huu ni mji wa nguo, mji wa Thika Cloth Mills, na mafundi hawakosekani. Mpelekee gi ya kuazima aitazame, umwombe kitambaa kizito cha pamba, kifuliwe kabla ya kukatwa kwa sababu pamba mpya hunywea, na mapaja ya suruali yaachiwe nafasi. Usiivae ukiwa njiani. Vumbi letu jekundu hung'ang'ania kitambaa cheupe, na anayefua kwa mkono anajua jinsi pindo la suruali linavyotaka kusuguliwa kwa sabuni ya kipande mpaka vidole viume. Ikunje vizuri, iweke mkobani, uivalie huko huko ukumbini.

Vazi lenyewe halina umri mkubwa kama linavyodhaniwa. Huko Okinawa, karate ilikozaliwa, watu walifanya mazoezi kwa nguo zao za kawaida. Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule aliyezaliwa kisiwani humo mwaka 1868, alikwenda Tokyo mwaka 1922 kuionyesha karate, na miongoni mwa waliompokea alikuwa Jigoro Kano, mwasisi wa judo. Koti na mikanda ya ngazi vilitoka kwenye judo. Mwaka 1924 Funakoshi alitoa mikanda yake myeusi ya kwanza. Nalisema hili ili mzazi ambaye hajapata fedha za gi asione haya kumleta mtoto kwa fulana. Karate ilikuwepo kabla ya gi.

Kufunga mkanda, hata hivyo, ni ufundi wa kutazamwa kwa karibu. Upande wa kushoto wa koti hulazwa juu ya wa kulia, kwa wanawake na wanaume sawa. Wajapani huwavika wafu wao kinyume cha hivyo. Katikati ya mkanda huwekwa chini kidogo ya kitovu. Ncha zote mbili huzungushwa nyuma, zikapishana, zikarudi mbele. Ncha ya juu hupitishwa chini ya tabaka zote mbili ikatokeza juu, kisha hufungwa fundo moja lililolala bapa, ncha zikining'inia kwa urefu mmoja. Mtoto mgeni huvuta pumzi na kukaza tumbo wakati wa kufungwa, na mkanda hulegea mara tu anapopumua. Nimemwona mama mmoja mwenye mkanda wa kahawia akipiga magoti mbele ya mtoto wa namna hiyo. "Shusha pumzi, mwanangu," alimwambia. "Tumbo liache lilivyo." Kisha akaufungua mkanda wote, akamwachia aufunge mwenyewe. Kwetu watu wamejifunga vibwebwe tangu zamani kabla ya kuingia kazini, kwa hiyo mkono wa mtoto haukuwa mgeni sana na jambo hilo.

Ukumbi nao hutaka kuandaliwa. Klabu nyingi za mitaani hazina jengo la karate peke yake. Hukodi ukumbi au huazima darasa la shule siku ya Jumamosi. Madawati husogezwa ukutani, sakafu hufagiliwa, na mafagio hushikwa na wenye mikanda ya juu pamoja na wageni. Kijiwe kidogo au kizibo cha soda ni hatari kwa mguu mtupu. Kwa hiyo fika mapema, ushike fagio, uinamishe kichwa mlangoni kabla ya kuingia.

Chakula kizito kabla ya darasa hakifai. Githeri ya kushiba itakusumbua kwenye mazoezi ya tumbo. Na kama una pumu, goti bovu, au mgongo uliowahi kuumia, mwambie sensei kabla hamjaanza, wala usione aibu. Atakayepangwa nawe anahitaji kujua asikuguse wapi.

Yote haya yanaelekea kwenye ufundi ninaouona mkubwa kuliko mateke yote: kuizuia ngumi iliyokwisha kuruka. Anayejua karate hupiga kwa kasi yake yote, kisha ngumi ikasimama kabla haijaumiza. Tarehe 7 Agosti 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo ambako karate ilishindaniwa kwa mara ya kwanza, Tareg Hamedi wa Saudia alikuwa akiongoza fainali ya uzani mkubwa kwa pointi 4 dhidi ya 1. Akarusha teke likamfika kichwani Sajad Ganjzadeh wa Iran, naye akaanguka na kuzimia. Waamuzi wakamwondoa Hamedi kwa kupiga kupita kiasi, na dhahabu ikaenda kwa aliyetolewa kwa machela. Wengi waliona ni dhuluma. Mimi naona waamuzi walikuwa sahihi, ingawa namhurumia kijana aliyelia pale uwanjani, kwa kuwa mchezo huu hauna maana nyingine zaidi ya kujizuia.

Mgeni ataonja jambo hilo siku ile ile. Ataonyeshwa kukunja ngumi, vidole vikibana kiganja na dole gumba likiwa nje, juu ya vidole, ili lisivunjike. Atahesabu kwa Kijapani, ichi, ni, san, akipiga hewa. Kisha atasimamishwa mbele ya mwanafunzi wa zamani, aambiwe apige tumboni na kusimama upana wa kidole kabla ya koti. Karibu kila mgeni husimama mbali mno, kwa hofu ya kuumiza. Sensei humsogeza nusu hatua mbele, akamwambia apige tena, akamsogeza tena, huku yule wa zamani akisimama wima bila kuhama, mikono yake ikiwa kiunoni.