Farasi Amebaki Dukani

Hapa Liwatoni hatununui pakiti ya sigara, twanunua jina. "Nipe Sportsman moja," mwenye duka anakutolea, unaiwasha kwa kiberiti kilichofungwa kamba dirishani, basi. Mimi nilianza hivyo mwaka nilioacha chuo.

Juzi nilikuwa nasoma habari za Montecristo, zile sigara nene za Cuba zinazosokotwa kwa mkono. Zilianza Havana mwaka 1935. Viwandani kule wasokotaji walikuwa wakisomewa riwaya kwa sauti huku wakifanya kazi, na yasemekana waliipenda mno ile ya Alexandre Dumas ya mfungwa anayerudi kulipiza kisasi, hadi sigara ikapewa jina lake. Kila moja ina utepe wa karatasi wenye jina hilo. Hata ukinunua moja, hadithi unaondoka nayo.

Sportsman nayo ina hadithi, ila imetungwa vibaya. Jina lamsifu mwanamichezo. Pakiti ina kichwa cha farasi. Sisi wanyama wetu ni punda wa mkokoteni na ngamia wa ufuoni Bamburi. Na huyo mwanamichezo, akivuta miaka kumi, mteremko wa feri ataupanda kweli?

Lakini kosa la farasi ni dogo. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 ilikataza kuuza sigara mojamoja, na tangu 2016 pakiti zina picha za onyo. Sasa picha iko wapi? Iko dukani, pamoja na farasi. Anayenunua moja hapati utepe, hapati farasi, hapati onyo. Anapata jina tu. Matangazo yalipigwa marufuku, kwa hivyo sasa twayasoma sisi wenyewe, kwa midomo yetu, bure, kila jioni.

Ami yangu amevuta Sportsman tangu kabla sijazaliwa, mojamoja. Siku hizi akikohoa, nyumba nzima hunyamaza. Kwa ajili ya makala hii nilinunua pakiti nzima, mara ya kwanza maishani, nikampelekea aitazame kama mhakiki mwenzangu.

Aliigeuza, akaisogeza karibu na taa.

"Farasi namjua," akasema. "Hii picha waliitia lini?"

Nikamwambia.

Akanyamaza. Kisha akauliza ndani mmebaki ngapi.

Zilikuwa kumi na tisa.